Jumamosi sita za Renesansi Malindi: mchora hina akaguliwa mkono

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza mtakaloniuliza. Sh 7,500 kwa Jumamosi sita, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, chai ya tangawizi na mahamri ndani yake. Karatasi na makaa ya kuchorea unajinunulia mwenyewe, jambo ambalo hawakulisema mpaka siku ya kwanza tumeshakaa na pesa wameshapokea. Darasa liko Malindi, upande wa kwenda Casuarina, kwenye nyumba ya makuti yenye baraza pana. Jina silitaji, kwa kuwa nina malalamiko huko mbele na mwenye darasa bado tunakutana naye sokoni kwenye samaki. Malindi ni ndogo. Anayelitaka atalipata.

Mimi ni mchora hina. Nimezaliwa Lamu, mtaa wa Langoni, baba yangu fundi wa milango ya nakshi. Nikaolewa Malindi miaka kumi na tisa iliyopita, na tangu hapo riziki yangu imo katika mikono na miguu ya maharusi. Hina, piko, maua ya Kiarabu, maua ya Kihindi, utakalo. Bango la darasa nililikuta limebandikwa duka ninaponunua unga wa hina: "Jifunze kuchora mwili wa mwanadamu kama mabwana wa Renesansi." Nikasema moyoni, mikono ya wanadamu mimi naishika kila wiki, hebu nikaone hao mabwana wanajua nini nisichokijua.

Mwalimu ni mzee wa Kitaliano, mstaafu, alisomesha sanaa kwao kabla ya kuhamia huku. Kiswahili chake kinatosha kununua samaki changu na kugombana na fundi bomba, basi. Kwa hiyo kuna mkalimani, kijana wa ufuoni ambaye Kitaliano amekiokota kwa watalii na anakimwaga kama maji. Lakini Kitaliano cha kuuza safari ya Watamu si Kitaliano cha sanaa. Jumamosi ya pili alisimama mbele yetu, uso hauna hata chembe ya mzaha, akatangaza: "Leo tunachora maiti ya maumbile." Dada aliyekaa kando yangu, mwalimu wa shule ya upili, akafunga daftari. Kumbe ni bakuli la maembe, mtungi na ndizi mbili. Wataliano mchoro wa vitu vilivyotulia mezani huuita *natura morta*, maumbile yaliyokufa, na kijana wa watu alitafsiri alichosikia.

Sasa niseme kilichonifanya nisijutie pesa yangu. Jumamosi ya kwanza, kabla hatujashika kalamu, mwalimu alituambia tuweke kifundo cha mkono kidevuni na kiganja usoni. Ncha ya kidole cha kati imefika wapi? Pale nywele zinapoanzia. Watu kumi na wawili barazani tumejifunika nyuso kama watoto wanaocheza kibe. Mimi nikapapasa chini ya mtandio, kweli, imefika papo hapo. Akasema, mkono na uso ni sawa, na kila kimoja ni sehemu ya kumi ya urefu wako. Halafu uso wenyewe umegawika mara tatu: nywele hadi nyusi, nyusi hadi chini ya pua, pua hadi kidevu.

Miaka kumi na tisa natoza bei ya "mpaka kifundo" na bei ya "mpaka kiwiko", wala sikuwahi kuuweka mkono wa bibi harusi karibu na uso wake nikaona kwamba ni kitu kimoja.

Hivyo vipimo vyenyewe si vya Renesansi, ni vya Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeishi kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Lakini watu wa Florence na miji mingine ya Italia, kuanzia miaka ya 1400, walikuwa wameshikwa na hamu ya kufukua vya kale, vitabu vya Kigiriki na Kirumi, sanamu zilizozikwa chini ya mashamba ya mizabibu. Jina lenyewe, Renesansi, maana yake ni kuzaliwa upya. Mmoja wao, Giorgio Vasari, aliandika habari za maisha ya wasanii mwaka 1550 akalitumia neno hilo kwa sanaa ya zama zao. Basi Leonardo da Vinci akamchukua Vitruvius, na kwenye mwaka 1490 hivi akachora yule mtu mnayemjua, mikono minne na miguu minne, ndani ya duara na mraba. Karatasi yenyewe haifiki shibiri mbili, iko Venice. Juu ya mchoro akaandika, kwa mwandiko wake wa kinyume: vidole vinne ni kiganja, viganja vinne ni wayo, viganja sita ni...

Hapo mkalimani akakwama. Mwalimu akajishika kiwiko, akanyoosha mkono mpaka ncha ya vidole. Nikasema, "Dhiraa."

Wakanigeukia wote. Nikaendelea, maana hayo nimeyanyonya: shibiri mbili dhiraa, dhiraa nne pima, na pima ni mikono yote miwili ukiikunjua. Mwalimu akatazama karatasi yake kisha akanitazama mimi. Kwa Leonardo nako, dhiraa nne ndiyo mtu mzima, na mikono iliyokunjuliwa ni sawa na urefu wa mwenyewe. Baba yangu hajapata kulisikia jina la Vitruvius, na nimemwona akipima mbao za mbambakofi kwa mwili wake tangu niko mdogo. Mzee akaniomba nirudie pole pole, akaandika kwenye daftari lake: *pima*. Niliona nimerudishiwa elfu moja katika ile yangu.

Nilichokielewa kwa Jumamosi zile ni kwamba kwa mabwana hao kipimo kilikuwa kama itikadi. Uzuri ni uwiano: kidole kwa kiganja, kiganja kwa mkono, mkono kwa mwili mzima, na uwiano huo huo waliutafuta kwenye nguzo, kwenye kuba, kwenye chumba. Mwanadamu wakamweka katikati ya duara kwa sababu waliona Muumba amemtia akili na umbo linalostahili kutazamwa na kuchunguzwa, mpaka Leonardo akawa anapasua maiti (safari hii maiti kweli) ajue mshipa upi unavuta wapi. Wako wanaosema walimweka mtu mahali pa Mungu. Mimi naona kazi zao nyingi walizipeleka kanisani, kwa hiyo jambo hilo halikuwa rahisi kiasi hicho.

Jumamosi ya tatu ndiyo niliyobishana. Mwalimu alileta fremu ya mbao iliyofungwa nyuzi kama wavu, kila mtu achungulie kwa jicho moja na kuchora baraza ya nyumba ya pili, mraba kwa mraba. Leon Battista Alberti, aliyeandika juu ya uchoraji mwaka 1435, alikuwa akitumia pazia jembamba la namna hiyo, naye ndiye aliyesema picha ni kama dirisha lililo wazi. Kabla yake Filippo Brunelleschi, fundi wa kuba la Florence, alishatoboa tundu kwenye picha ya jengo la ubatizo la mji ule. Ulikuwa ukichungulia tunduni kwa nyuma, mbele umeshika kioo, na ukiondoa kioo unaliona jengo lenyewe limekaa vile vile. Mistari yote inakimbilia nukta moja, na nukta hiyo iko mbele ya jicho lako.

Nikauliza, na aliyesimama pembeni je? Maana nakshi ya kwetu haina mahali pa kusimama. Mlango wa baba unausoma ukiwa umekaa dakani, unausoma ukipita na punda, na mtoto aliyelala sakafuni anausoma pia. Hina vivyo hivyo: bibi harusi anaiona kutoka upande wake, wageni kutoka upande wao, na mume, inshallah, kutoka upande mwingine kabisa. Maua yangu hayana juu wala chini. Huyu Alberti ananiambia simama hapa, fumba jicho moja, usitikisike. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akasema, na mkalimani safari hii akaipata: "Aliyesimama pembeni anangoja zamu yake." Jibu zuri. Halijanitosha mpaka leo.

Na hapo hapo lipo lalamiko langu la kwanza. Mwalimu alilieleza hilo somo la jicho na nuru kana kwamba limechipuka Florence kama uyoga. Nyumbani nikamsimulia mume wangu, anayesomesha fizikia, akaweka kijiko chini. Ibn al-Haytham! Mzaliwa wa Basra, aliyefanya kazi Misri karne ya 11, akaandika Kitab al-Manazir, akaeleza kwamba jicho halitoi miale kwenda kwa vitu, bali nuru ndiyo itokayo kwenye vitu ikaingia jichoni. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kilatini, na Lorenzo Ghiberti, mmoja wa hao hao mabwana wa Florence, alijaza vipande vyake katika maandishi yake mwenyewe. Jumamosi iliyofuata nikalisema. Mzee hakubisha hata kidogo, tena alifurahi, akatuonyesha ukuta aliouchora Raphael ulioko Vatikani, wa 1509 hadi 1511, wenye wanafalsafa wa Kigiriki, na katikati yao mtu mwenye kilemba anayechungulia begani kwa mwenzake: Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Kiislamu. Akatuonyesha pia picha ya Gentile da Fabriano ya mwaka 1423, Bibi Maryamu ana duara la dhahabu kichwani, na ndani ya duara maandishi. Nikainuka kwenye kiti nikayasogelea niyasome. Nikahangaika na alifu, nikahangaika na lamu. Hayasomeki. Ni mchoro wa kuiga Kiarabu, kwa sababu vitambaa na vyombo vya kwetu vilikuwa fahari kwao. Sasa haya yote unayajua, mzee wangu, mbona unangoja mpaka mteja alalamike?

Lalamiko la pili ni Daudi, ile sanamu ya Nabii Daudi aliyoichonga Michelangelo. Picha yake, ndefu kuliko mlango wa jikoni, ilitundikwa pale pale kwenye meza ya chai, naye yuko kama alivyozaliwa. Hakuna aliyetuarifu. Mimi na yule mwalimu wa shule tulikunywa chai tumeupa ukuta kisogo, kila Jumamosi. Sisemi wamfunike, ni kazi ya watu na wana sababu zao, kwamba mwili ndio maandishi yao kama sisi tulivyo na khati. Nasema tuambiwe mapema, na mahamri yawekwe kwingine.

Hata hivyo mkono wake niliutazama. Siku moja wenzangu walipotoka kuvuta hewa nikasogea, nikaziba nilichoziba kwa daftari, nikautazama mkono wa kulia, ule ulioning'inia. Mishipa imesimama mgongoni mwa kiganja kama ya mpiga makasia aliyetoka kazini sasa hivi. Mkubwa kuliko vipimo vyote alivyotufundisha mzee! Nikamwuliza, akasema sanamu ilikusudiwa kukaa juu ya kanisa kuu, itazamwe kutoka chini, na pengine ndiyo sababu. Kwa hiyo bwana huyu, Michelangelo, alikijua kipimo kisha akakivunja kwa makusudi. Na jiwe lenyewe lilikuwa makombo. Fundi mmoja aliliparua mwaka 1464, mwingine akaligusa baadaye, likaachwa uani miaka na miaka. Yeye akalianza 1501, ana miaka 26, akalimaliza 1504, mita 5.17. Kwetu mbao iliyokwisha kukatwa vibaya na fundi mwingine hupelekwa kwa muoka mikate ya mofa, ikawe kuni.

Kusimama kwake nako kuna jina, *contrapposto*: uzito wote mguu mmoja, nyonga inainuka huku na bega linashuka huku. Mkalimani alijaribu kueleza mara tatu akashindwa. Mwalimu akamsimamisha kijana mmoja kati yetu, mchora tuktuk, akawa amekakamaa kama askari wa gwaride. Nikamwambia, simama kama mtu aliyeko Mokowe anangoja boti ya Lamu na boti imechelewa. Mguu ukalegea, nyonga ikapanda, bega likaanguka. Mzee akapiga makofi.

Jumamosi ya nne tulioneshwa milango, na usiku wake nikampigia baba simu ya video. Ni milango ya jengo lile lile la ubatizo la Florence, ya Ghiberti huyo huyo: shaba nyeusi iliyopakwa dhahabu, vibao kumi vya hadithi za manabii, kazi ya 1425 hadi 1452. Inasemekana Michelangelo alisema inafaa kuwa milango ya peponi. Baba aliisogeza simu puani, akautafuta mfaa, ule mti wa kati wa milango yetu.

"Haina mfaa?"

"Haina, baba."

"Miaka mingapi?"

"Ishirini na saba."

Akanyamaza kidogo. "Mwenye nyumba alikuwa mtu mvumilivu." Kisha nikamwonyesha kichwa kidogo chenye upara kinachochomoza kwenye fremu: Ghiberti mwenyewe, amejichonga. Baba hakupendezwa. Kizingiti cha juu ni pa aya au pa tarehe, akasema, fundi anajulikana kwa mkono wake. Nikamkumbusha kwamba watu wa Lamu wanaitambua hata leo kazi ya Muhamadi Kijuma, aliyekuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchonga milango, mtu mmoja mambo yote kama huyo Leonardo wao. "Naam," akasema, "na upara wake hakuuweka mlangoni."

Jumamosi ya tano tulitolewa nje, tukaenda kuchora nguzo ya Vasco da Gama. Jua kali, upepo unapeperusha karatasi, nusu ya darasa wamekimbilia kivuli. Mzee alisema neno moja ambalo limenikaa. Mreno huyo alipotia nanga Malindi, Aprili 1498, Leonardo alikuwa Milan anamalizia ukuta wake wa karamu ya mwisho ya Isa na wanafunzi wake, na mwaka huo huo Michelangelo, kijana wa miaka 23, akapewa kazi ya kumchonga Maryamu na mwanawe aliyekufa mapajani, kule Roma. Mambo yote mwaka mmoja. Mchora tuktuk akasema, kwa hiyo walikuwa wanachora malaika huku wenzao wanakuja na mizinga. Mzee akaitikia kwa kichwa, hakuwa na la kuongeza.

Ule ukuta wa Milan nauelewa vizuri kuliko vyote. Mafundi wengine walipaka rangi juu ya chokaa mbichi, nayo rangi ikaganda ndani ya ukuta, ukifanya haraka kabla haijakauka. Leonardo hakupenda kukimbizwa, akapaka juu ya ukuta mkavu. Ikaanza kubanduka yeye mwenyewe yu hai. Kila mchora hina anamjua bibi harusi aliyejipaka losheni dakika za mwisho kisha akauliza mbona hina haikushika.

Jumamosi ya sita ilikuwa hovyo. Ilikuwa iwe ya Leonardo na ule ufundi wa *sfumato*, kivuli kinachoyeyuka kama moshi, uso wa Mona Lisa ambao huoni wapi shavu linakwisha na wapi kiza kinaanza. Mzee alipata wageni, akatufupishia saa nzima, na umeme ukakatika picha hazijafika nusu. Nilijaribu nyumbani kwa kidole na makaa, nikapata uso wa mtu aliyetoka kupuliza jiko. Koni yangu haijui kitu ila mstari. Nimefarijika kusikia kwamba Wataliano wenyewe waligombana juu ya hili, watu wa Florence wakisema mstari ndio mama wa sanaa na watu wa Venice wakisema rangi.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Zingekuwa nne kama wangesema habari ya makaa mapema. Yanayouzwa pale ni ghali bure. Choma vijiti vyembamba kwenye kopo la maziwa ya unga lililofunikwa vizuri, yanatoka safi kabisa. Wanawake mtapata nafasi, mzee ana adabu na hagusi mkono wa mtu kuusahihisha mpaka aombe. Cheti kimeandikwa kwa Kitaliano na jina langu wamelikosea.

Wiki iliyofuata nilikuwa na harusi Shella. Mkono wa kulia wa bibi harusi nikaupaka kisomi: nikachagua nukta moja, ncha ya kidole cha kati, maua yote yakawa yanapungua na kusogea kuelekea huko, makubwa kifundoni, madogo madogo ukuchani, kama baraza ile ya kwenye wavu. Nikajiona Brunelleschi. Bibi yake, ambaye ana macho ya kunguru, akaushika ule mkono akaugeuza huku, akaugeuza huku.

"Mwanangu, mbona maua yanakimbia?"

Nikaijaza mianya kwa piko mpaka yakatulia. Mkono wa kushoto nikaupaka kama nilivyozoea.